Kabla hujamuuliza binti yako "nani amekushika?"

HIMO. Taa ilizimwa saa nne usiku, lakini ndani ya nyumba ile hakuna aliyelala. Mama mmoja wa hapa Himo, muuza ndizi ambaye jina lake tunalihifadhi, alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake wa darasa la tatu na kumuuliza swali lile lile kwa mara ya tano: "Nani amekushika?"

Jioni hiyo mtoto alilalamika kwamba akilala kifudifudi anaumia kifuani. Mama alipopapasa, akakuta kitu kigumu kama kifungo cha shati chini ya chuchu ya kushoto. Kulia hakuna kitu. Mtoto ana miaka tisa na miezi miwili.

Mambo matatu yakamjia kichwani: saratani, kuku wa kisasa wanaopikwa kila wiki kwa shangazi yake, na mwanamume. Hilo la tatu ndilo lililomnyima usingizi.

"Nilimchapa ili aseme," anasimulia, macho chini. "Mtoto hakuwa na la kusema."

Asubuhi akampeleka kituo cha afya. Muuguzi mtu mzima akamsikiliza, akauliza umri wa mtoto, akampima kimo na uzito, akampapasa kifua taratibu. Kisha akasema: "Mama, huu si ugonjwa. Na titi kuota si alama ya mtu kumgusa mtoto. Binti yako anakua."

Mzazi mwenzangu, pengine na wewe umewahi kulala na swali hilo, au litakukuta. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba matiti, makalio na chunusi vina sababu iliyo nje ya mtoto: kaguswa, kala kitu, kaanza mchezo mbaya. Ukweli ni kwamba sababu iko ndani ya mwili, na inafuata utaratibu mzuri sana. Inaitwa homoni.

Homoni zinatengenezwa na nini?

Homoni ni ujumbe. Tezi inauachia kwenye damu, damu inausafirisha, na kiungo kilicho mbali kinaupokea na kuutii. Homoni za jinsia, yaani testosteroni, estrojeni na projesteroni, zote zina asili moja: lehemu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la kolesteroli. Ndiyo, ile ile tunayoambiwa tuiogope ikizidi kwenye damu. Mwili hutengeneza yake, hasa kwenye ini, na nyingine hutoka kwenye nyama, mayai na maziwa.

Mpishi wa Kichagga atalielewa jambo hili upesi. Mkungu wa mshare ni ule ule, lakini jikoni unaweza kutoka mtori, unaweza kutoka machalari. Tofauti inaletwa na hatua alizopita mpishi. Mwilini wapishi ni vimeng'enya. Kimoja hukata kipande cha lehemu, kingine huongeza kitu, kingine hugeuza, na kila hatua huzaa homoni tofauti.

Jikoni kwenyewe ni sehemu tatu: korodani za mwanamume, ovari za mwanamke (vile vifuko viwili vya mayai), na tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, ambazo kila mtu anazo. Mama akiwa mjamzito huongezeka jiko la nne, kondo la nyuma.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: estrojeni, tunayoiita homoni ya kike, hutengenezwa kutokana na homoni tunazoziita za kiume. Ovari hutengeneza kwanza homoni za kundi la testosteroni, kisha kimeng'enya kiitwacho aromatasi huzigeuza kuwa estrojeni. Kwa hiyo kila mwanamke ana testosteroni, na kila mwanamume ana estrojeni. Tofauti ni kiasi. Na estrojeni hiyo kwa mvulana si ya bure: ndiyo inayofunga ncha za mifupa yake mwisho wa ujana ili aache kurefuka.

Mzee wa mfongo

Kama homoni hutengenezwa na kila mtu, kwa nini mtoto wa miaka minne haoti ndevu? Kwa sababu kuna anayeshika lango.

Wazee wa mlimani wanaijua mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka juu hadi vihambani. Maji hayaachwi yajiendee. Kuna mzee anayepanga zamu, kuna kijana anayetumwa kufungua lango, na shamba likishalowa habari hupelekwa juu: yametosha, fungeni.

Mwili una mpango kama huo. Mzee wa mfongo ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hutoa homoni yake kwa vipigo, kama mtu anayebisha hodi: kipigo, kimya, kipigo, kila baada ya saa moja au mbili hivi. Kijana anayetumwa ni pituitari, tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere, chini kidogo ya ubongo. Ikisikia hodi, inatuma homoni mbili, LH na FSH, kwenda kwenye ovari au korodani. Hizo nazo huanza kupika.

Testosteroni au estrojeni ikishajaa kwenye damu, inarudi hadi kwenye ubongo na kutoa taarifa: yametosha. Mzee anapunguza hodi. Zikipungua, anaanza tena. Ndivyo kiasi kinavyodhibitiwa usiku na mchana bila wewe kujua.

Kwa mwanamke kuna jambo la ziada. Mara moja katika kila mzunguko kanuni hii inageuka. Estrojeni ikipanda na kukaa juu kwa siku mbili hivi, badala ya kusema "fungeni" inasema "fungueni yote". LH inamiminika kwa wingi, na yai linatoka. Kifaa hiki ndicho cha mwisho kukomaa kwa msichana. Ndiyo maana binti aliyevunja ungo juzi anaweza kupata hedhi mwezi huu, akakosa miwili, akapata tena. Mwaka wa kwanza hadi wa pili hali hiyo ni ya kawaida, ingawa binti anayeweza kuwa mjamzito apimwe kwanza.

Kichanga chenye matiti

Lango hili hufunguka mara ya kwanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto mchanga huzaliwa na homoni za mama yake mwilini, na katika miezi michache ya mwanzo ubongo wake mwenyewe hubisha hodi kwa muda, kisha hunyamaza kwa miaka mingi.

Ndiyo maana kichanga, wa kike au wa kiume, anaweza kuvimba matiti na hata kutoa tone la maziwa. Mtoto wa kike anaweza kutoa ute au damu kidogo ukeni katika wiki ya kwanza. Bibi mwenye nia njema atasema tuyakamue. Tafadhali, bibi, tusiyakamue. Kukamua huingiza vijidudu na kunaweza kuleta jipu. Yaacheni, yatanywea yenyewe. Yakiwa mekundu, ya moto, au mtoto ana homa, hapo nendeni hospitali.

Ratiba ya balehe

Kwa kawaida msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14. Hodi za kwanza za ubongo hupigwa usiku, mtoto akiwa usingizini. Mzazi haoni lolote. Kinachoonekana mchana huja baadaye.

Kwa msichana dalili ya kwanza huwa ni titi: kifundo kidogo kigumu, chenye kuuma, mara nyingi upande mmoja kwanza. La pili laweza kuchelewa kwa miezi kadhaa. Hedhi ya kwanza huja takriban miaka miwili, au miwili na nusu, tangu kifundo kile kionekane. Kwa hiyo mama aliyeona titi leo ana muda wa kutosha kuzungumza na binti yake kabla damu haijamshtua shuleni.

Muda huo wengi hatuutumii. Mtafiti Marni Sommer wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alikuja mkoani kwetu Kilimanjaro kuwasikiliza wasichana wa shule kuhusu hedhi, na kazi ile ikazaa kitabu cha Kiswahili kwa wasichana, "Vipindi vya Maisha". Wasichana wengi walikutana na damu kabla mtu hajawaambia neno.

Kwa mvulana dalili ya kwanza haionekani na mama: korodani hukua. Sauti kukwaruza, ndevu na kurefuka kwa kasi hufuata. Na kuna jambo linalowaumiza vijana kimyakimya: wavulana wengi, takriban nusu yao, huota kifundo cha titi katikati ya balehe, kwa sababu estrojeni hutangulia testosteroni kidogo. Mtoto anaacha kuvua shati, anakwepa kuoga mtoni, wenzake wanamcheka. Baba, hapo ndipo anapokuhitaji. Mwambie litanywea ndani ya miezi sita hadi miaka miwili.

Harufu ya kwapa, nywele chache na chunusi kwa mtoto wa miaka minane au tisa mara nyingi hazitoki kwenye ovari wala korodani. Hutoka kwenye zile tezi za adrenali, ambazo huamka kwa ratiba yake zenyewe. Mfundishe kuoga vizuri, usimtafutie kosa.

Je, ni kuku wa kisasa?

Swali hili huulizwa kila kona, kuanzia stendi hadi kanisani. Jibu fupi: hapana, kuku wa kisasa hawanenepeshwi kwa homoni. Homoni ya ukuaji ni protini; kuku akiila kwenye pumba, tumbo lake litaisaga kama chakula kingine. Ingebidi kila kuku achomwe sindano tena na tena, na mfugaji mwenye kuku 500 hana muda wala fedha ya kufanya hivyo. Broila hukua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miaka mingi na chakula chenye nguvu. Jambo la kumuuliza mfugaji ni lingine: je, anasubiri siku zinazotakiwa kupita baada ya kuwapa dawa za kuua vijidudu, kabla ya kuuza?

Hata hivyo, chakula kina sehemu yake. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, inayoupa ubongo habari kwamba akiba ipo. Mtoto mwenye utapiamlo huchelewa kubalehe. Msichana mwenye uzito uliozidi huelekea kuwahi. Ulaya, katika miaka 150 hivi iliyopita, umri wa kuvunja ungo ulishuka kutoka miaka 16 au 17 hadi karibu 13, lishe na afya zilipoboreka. Kwa hiyo kama una wasiwasi na sahani ya mtoto, angalia zaidi soda, chipsi na kukaa kwenye kochi kutwa.

Mpishi mmoja akikosekana

Kuna watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya kimoja kufanya kazi kwenye tezi za adrenali. Hutokea kwa mtoto mmoja hivi kati ya 15,000. Mwili wao unashindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha, homoni inayotusaidia kustahimili ugonjwa na njaa. Ubongo, ukiona kotisoli haifiki, unazidi kuzisukuma tezi. Malighafi zinajaa, na kwa kuwa njia moja imezibwa zinafurika kwenye nyingine, kama mfongo ulioziba unavyofurika kwenye shamba la jirani. Zinaishia kuwa homoni za kiume.

Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na maumbile yasiyoeleweka vizuri. Mtoto wa kiume anaonekana sawa kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mara nyingi katika wiki ya kwanza hadi ya tatu anaanza kutapika, anaacha kunyonya, analegea na kupungua uzito kwa sababu mwili unapoteza chumvi. Familia hudhani ni tumbo au jicho baya, na mtoto anaweza kupotea ndani ya siku chache.

Si laana, na si kosa la mama. Ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili, na una dawa: vidonge vinavyorudisha homoni inayokosekana, kila siku, maisha yote. Mtoto aliyetibiwa mapema anakua, anasoma, anaoa au kuolewa kama wengine. Usimfiche ndani. Kituo cha afya kikuandikie rufaa kwenda hospitali ya mkoa Mawenzi, au KCMC.

Miili haifanani

Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, medali zote tatu za Olimpiki za mita 800 wanawake zilikwenda Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Miaka mitatu baadaye wote watatu waliguswa na kanuni ya shirikisho la riadha la dunia: mwanamke mwenye testosteroni nyingi ya kuzaliwa nayo apunguze kwa dawa, la sivyo asikimbie mbio za kimataifa za mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021 kule Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 kanuni ikapanuliwa hadi mbio zote.

Mjadala wa haki michezoni tuwaachie wenye michezo. Somo la familia ni hili: hawa walizaliwa na miili yao. Walilelewa wakiwa mabinti na wakajulikana vijijini kwao wakiwa mabinti. Binti yako akiwa na sauti nzito, nywele mdomoni au kifua kidogo, jambo la kufanya ni kumpeleka kwa daktari kwa heshima kama dalili zinaongezeka. Kumcheka mbele ya wageni hakupunguzi homoni hata tone moja.

Na sisi wazazi

Vidonge vya uzazi wa mpango, sindano na vijiti hutumia lango lile lile. Ubongo ukiona homoni ipo tayari, unapunguza hodi na yai halipevuki. Na ute wa mlango wa kizazi huwa mzito. Ndiyo maana hedhi hubadilika. Kizazi hakijaharibika. Baada ya sindano ya miezi mitatu, mimba inaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka. P2 nayo huchelewesha yai kutoka. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na haikukusudiwa kuwa njia ya kila wiki. Kama binti yako wa chuo anaimeza kila mara, mwelekeze kwa muuguzi achague njia ya kudumu zaidi.

Na mama anayekaribia miaka 50, anayeamka usiku akitokwa jasho, ajue kwamba mzee wa mfongo anabisha hodi kwa nguvu zote, lakini mayai kwenye ovari yamekwisha na hakuna anayeitika.

Wakati wa kwenda hospitali

Mpeleke mtoto kama:

• Msichana ameota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana ameanza kubalehe kabla ya miaka 9. Kwa mvulana usichelewe, maana mara nyingi zaidi kuna sababu inayohitaji kutafutwa.

• Msichana wa miaka 13 hana dalili ya titi, au wa miaka 15 hajaona hedhi.

• Mvulana wa miaka 14 haonyeshi dalili yoyote.

• Balehe inakwenda mbio, mtoto anarefuka ghafla, anaumwa kichwa mara kwa mara au haoni vizuri.

• Kichanga ana maumbile yasiyoeleweka, au anatapika na kulegea.

Nenda na kadi ya kliniki, na kama umewahi kuandika vimo vyake ukutani, vinakili. Daktari anaweza kuagiza picha ya eksirei ya mkono kuona umri wa mifupa, na vipimo vya damu. Balehe ya mapema mno hufunga mifupa mapema, na mtoto aliyekuwa mrefu kuliko wenzake darasani hubaki mfupi ukubwani. Ipo sindano ya kuituliza. Huupa mwili homoni ya hodi mfululizo bila kimya katikati, na pituitari, ikichoshwa na kelele, inaacha kuitika. Ikisimamishwa, balehe huendelea pale ilipoishia.

Neno la mwisho ni kuhusu lile swali la usiku. Watoto huguswa, na mzazi lazima awe macho. Lakini kifua hakitakwambia. Anayeweza kukwambia ni mtoto mwenyewe, na mtoto aliyechapwa kwa sababu ya titi hatarudi kukueleza siku akiguswa kweli. Muulize mchana, kwa upole, mara kwa mara, bila fimbo mkononi.

Mama yule wa Himo alilijua hilo njiani wakirudi kutoka kituo cha afya. Alinunua sidiria mbili ndogo sokoni, wakakaa kwenye benchi nje ya duka. "Nilimwambia, mwanangu nisamehe, sikujua," anasema. Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali alilokuwa nalo tangu usiku: "Mama, na wewe liliuma?"

"Nikamwambia ndiyo," anasema. "Liliuma, na mimi pia hakuna aliyeniambia."